Namna ya Kuchagua Simu Janja Mpya Unapoiacha ya Zamani

Mtu anapokwenda dukani kununua simu ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, kwa kawaida muuzaji humwuliza ana kiasi gani cha fedha na anataka simu ya GB ngapi. Maswali hayo ni ya haki, lakini lipo jingine ambalo mara nyingi halitajwi na upande wowote, nalo ndilo linaloamua kama fedha itakuwa imetumika vizuri: simu hii imebakiwa na miaka mingapi ya kufanya kazi sawasawa? Simu janja ina umri, na umri huo hauanzi siku unapoitoa kwenye boksi. Huanza siku kampuni ilipoiingiza sokoni kwa mara ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo ahadi ya kuipatia masasisho, yaani matoleo mapya ya mfumo wake na marekebisho ya usalama, inapoanza kuhesabiwa. Modeli iliyotoka miaka mitatu iliyopita, hata kama bado imefungwa nailoni yake, imekwisha kupoteza miaka mitatu ikiwa kwenye kabati la duka.

Mwongozo huu unamlenga zaidi mnunuzi wa Tanzania, awe anazunguka Kariakoo mwenyewe au anaagiza akiwa mkoani. Sehemu kubwa ya yaliyomo inamfaa pia mnunuzi wa Kenya au Uganda, kwa kuwa simu zinazouzwa katika nchi hizi hutoka katika viwanda vilevile na mara nyingi hupitia njia zilezile, ikiwamo Dubai.

Hakikisha kwanza kwamba ya zamani imekwisha kweli

Kabla ya kutenga fedha, chunguza simu uliyonayo inakusumbua kwa lipi hasa, kwa sababu malalamiko mawili yanayosikika zaidi, yaani betri kutokaa na chaji na simu kukwama, mara nyingi yanatibika. Betri ya lithiamu hupungua uwezo wake kadiri inavyochajiwa. Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji, na za iPhone 15 kuendelea baada ya mizunguko 1,000. Anayemaliza chaji yote kila siku huifikia mizunguko 500 kabla ya miaka miwili kwisha, kwa hiyo betri iliyochoka ni jambo la kutarajiwa katika simu ya miaka mitatu au minne, wala si dalili kwamba simu nzima imekufa. Fundi anayeaminika huweza kuibadilisha kwa sehemu ndogo tu ya bei ya simu mpya. Ila ikiwa betri imevimba na kuanza kuinua kioo au mfuniko wa nyuma, acha kuichaji na uipeleke kwa fundi upesi, bila kujaribu kuibonyeza au kuitoboa, kwa kuwa inaweza kushika moto.

Kukwama nako mara nyingi husababishwa na hifadhi iliyojaa, na kwa wengi wetu mjazaji mkuu ni makundi ya WhatsApp, ambako video ileile hutumwa na watu kadhaa na kuhifadhiwa kila mara. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi inayoonyesha mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi. Futa hayo, acha angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikiwa wazi, kisha itumie simu kwa siku chache. Wapo watakaogundua kwamba hawahitaji simu nyingine mwaka huu, na hilo ni jambo jema.

Lisilotibika kwa fundi ni kwisha kwa masasisho. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu simu, utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo imepitwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na hakuna sasisho jipya linalokuja, basi simu inayobeba programu ya benki na akaunti yako ya M-Pesa au Airtel Money inatembea na mianya ambayo wahalifu wameshaijua. Baadaye programu zenyewe huanza kuikataa. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4, na ikaacha pia kwenye iPhone 6 kwa sababu simu hiyo haiwezi kupokea iOS 15.1, toleo la mfumo wa simu za Apple. Simu ikifika hapo, imekwisha kweli.

Miaka iliyobaki ndiyo unayoinunua

Kwa miaka mingi simu za Android zilipata masasisho ya miaka miwili au mitatu tu, na za bei ya chini zilikuwa na bahati zikipata hata moja. Hali imebadilika, lakini haijabadilika kwa kampuni zote wala kwa modeli zote. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 iliyotoka mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa mnunuzi wa kawaida, habari kubwa zaidi ilikuja baadaye mwaka huohuo, Samsung ilipotoa Galaxy A16, simu ya bei ya kati isiyo na madoido, ikiwa na ahadi ya miaka sita. Apple haitangazi idadi kubwa kwa mbwembwe, lakini historia yake inaonyesha miaka sita au saba: iPhone XR na XS za mwaka 2018 ziliendelea kupokea mifumo mipya hadi iOS 18, kisha zikaachwa iOS 26 ilipotoka mwaka 2025, ilhali iPhone X ya mwaka 2017 iliishia iOS 16.

Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni chapa za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, China, zimefanya kazi kubwa ya kuifikisha simu janja mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki, na betri na vipaza sauti vyake vinawaridhisha wengi. Hata hivyo modeli zake za bei ya chini mara nyingi huuzwa bila ahadi inayoeleweka ya masasisho. Baadhi ya zile za juu zinayo, kwa hiyo usihukumu kwa jina la chapa. Tafuta modeli yenyewe, kwa jina lake kamili, kwenye tovuti ya kampuni, usome ahadi imeandikwaje. Angalia kama inazungumzia mifumo mipya au masasisho ya usalama tu, kwa kuwa ni mambo mawili tofauti, na kwangu mimi ya usalama ndiyo yenye uzito zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mwaka modeli ilipotoka, ongeza miaka iliyoahidiwa, kisha toa mwaka tulio nao. Tuseme kuna simu ya shilingi 300,000 ambayo itakufaa kwa miaka miwili, na nyingine ya shilingi 600,000 ambayo itakufaa kwa miaka mitano. Ya kwanza inakugharimu shilingi 150,000 kwa mwaka na ya pili shilingi 120,000, na ukichukua ya pili, katika miaka hiyo mitano umeepuka pia usumbufu wa kuhama mara mbili. Sielezi hivi ili kumsukuma mtu avuke uwezo wake, wala sidhani ni busara kukopa kwa ajili ya simu ghali. Ninachosema ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye kibandiko haitoshi kulinganisha simu mbili mpaka uigawe kwa miaka.

Tangu Juni 20, 2025, Umoja wa Ulaya unazitaka simu zinazoingizwa katika soko lake zipatiwe masasisho kwa angalau miaka mitano, ikihesabiwa tangu modeli hiyo ilipokoma kuingizwa sokoni. Sheria hiyo haina nguvu Dar es Salaam wala Nairobi, lakini simu nyingi zinazouzwa huku ni modeli zilezile za kimataifa, na kwa hiyo kujua kwamba modeli fulani inauzwa rasmi Ulaya ni ishara njema.

RAM na hifadhi: soma namba kwa makini

Namba mbili hutajwa pamoja, kwa mfano 4 na 128. Ya kwanza ni RAM, yaani nafasi ambamo programu hufanyia kazi zikiwa zimefunguliwa, na ya pili ni hifadhi, yaani mahali picha, video na programu zinapokaa. Siku hizi boksi likiandika RAM ya GB 8 kwa herufi kubwa, tazama maandishi madogo yaliyo chini yake, kwa sababu huenda ukakuta yameandikwa 4+4. Maana yake ni kwamba RAM halisi ni GB 4, na nne nyingine ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kusaidia. Hifadhi ina mwendo wa polepole kuliko RAM, hivyo msaada huo ni mdogo na hauwezi kulinganishwa na GB 8 za kweli. Muulize muuzaji waziwazi, na ikiwezekana uthibitishe ndani ya mipangilio ya simu yenyewe.

Kwa simu unayotaka ikae nawe zaidi ya miaka mitatu, nashauri RAM halisi isipungue GB 4, na GB 6 ni bora zaidi ikiwa mfuko unaruhusu. Simu za GB 2 au 3 huja na toleo jepesi la Android liitwalo Go, ambalo Google ililianzisha mwaka 2017 kwa ajili ya simu za uwezo mdogo. Zinamtosha mtu anayepiga simu, kutuma ujumbe na kutazama picha za wajukuu, lakini zitamchosha mtu mwenye programu za benki, ramani, TikTok na makundi kumi ya WhatsApp. Kuhusu hifadhi, GB 64 hujaa mapema kwa sababu mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa kabla hujaweka chochote, kwa hiyo anza na 128. Memori kadi inasaidia kutunza picha na muziki, lakini haiongezi kasi ya simu, na simu nyingi za bei ya juu, zikiwamo iPhone zote, hazina hata sehemu ya kuiweka.

Prosesa, yaani ubongo wa simu, ni jambo ambalo ni gumu kulieleza kwa namba, kwa kuwa majina yake ni mengi na hubadilika kila mwaka. Njia ya uhakika kwa asiye mtaalamu ni kuishika simu ya maonyesho dukani, kufungua kamera, kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine upesi, na kuangalia kama inasita. Simu inayosita ikiwa mpya na tupu itakuwa mzigo baada ya mwaka.

Kioo, betri na vipuri

Kioo cha aina ya AMOLED kina rangi nzito, weusi wa kweli na mwanga mzuri, na cha aina ya IPS LCD kina rangi za kawaida lakini ni rahisi kukibadilisha. Tofauti hii ya mwisho ndiyo wanunuzi huisahau. Simu ikianguka na kupasuka, kioo cha AMOLED kinaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya simu nzima, ilhali LCD ya modeli inayotumiwa na watu wengi hupatikana kwa bei ya kuvumilika hata katika miji midogo. Ndiyo maana kabla ya kununua ninapendekeza upite kwa fundi wa mtaani kwako na kumwuliza swali moja tu: kioo na betri ya modeli hii vinapatikana, na ni shilingi ngapi? Fundi atakujibu kwa yale anayoyaona mezani kwake kila siku, na jibu lake lina thamani kuliko matangazo mengi. Modeli adimu, hata iwe nzuri namna gani, inaweza kukaa wiki kadhaa ikisubiri kipuri.

Mwanga wa kioo nao upime nje ya duka, juani, kwa kuwa ndani ya duka kila kioo kinapendeza. Dereva wa bodaboda anayesoma ramani saa saba mchana na mama anayepokea malipo kwenye kibanda kisicho na kivuli wataujua umuhimu wa jambo hili mara moja.

Betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) imekuwa ya kawaida hata kwenye simu za bei ya chini, na inatosha siku nzima kwa matumizi ya wastani. Chaji ya haraka ni msaada mkubwa mahali ambapo umeme hukatika, lakini angalia kama chaja yenyewe imo ndani ya boksi, kwa sababu Apple iliacha kuiweka mwaka 2020 na kampuni nyingine zikafuata kwa baadhi ya modeli. Ikiwa haimo, iongeze kwenye bajeti na ununue iliyo bora. Chaja ya bei ya kutupa inayouzwa barabarani inaweza kuharibu betri ya simu uliyoitafuta kwa jasho. Chagua pia simu yenye tundu la USB-C, ambalo sasa limo kwenye Android karibu zote na kwenye iPhone kuanzia 15, ili waya mmoja uwatumikie watu wote wa nyumbani.

Kamera na vitu vidogo vinavyosahaulika

Usichague kamera kwa wingi wa megapikseli. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12 na ushei, na lenzi za ziada za megapikseli 2 zinazopangwa nyuma ya simu za bei ya chini hazina kazi kubwa isipokuwa kuongeza idadi. Piga picha mbili dukani, moja ya mtu anayesogea na nyingine kwenye kona yenye giza, kisha uzikuze na kuzitazama. Hilo linatosha.

Vipo vitu vidogo ambavyo havitangazwi lakini vikikosekana utavihisi kila siku. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha dira, hivyo programu ya kuonyesha kibla haitafanya kazi na mshale wa ramani hautajua umeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Wapenzi wa redio waangalie kama ina FM na tundu la earphone, kwa sababu waya wa earphone ndio antena yake. Anayefanya kazi kwenye mvua au karibu na maji atazame alama ya IP, inayoonyesha simu inavyohimili vumbi na maji: IP54 huvumilia matone tu, ilhali IP67 imepimwa kuzama mita moja kwa dakika 30 katika maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni habari nyingine, na hakuna alama hata moja kati ya hizo inayokuruhusu kuogelea na simu Coco Beach.

Mtandao, laini na simu zilizotengenezwa kwa soko jingine

Simu nyingi zinazoingia Afrika Mashariki hazikutengenezwa kwa ajili yetu, na hapa ndipo watu hupoteza fedha bila kujua kilichowapata. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa mahali pa kuweka laini ya kawaida, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe isiyoweza kuchomolewa. Ilipokuja iPhone 17 mwaka 2025, utaratibu huo ukapanuliwa hadi nchi za Ghuba, zikiwamo Falme za Kiarabu na Oman, ambako simu nyingi za Kariakoo na za zawadi kutoka kwa ndugu hununuliwa. Mitandao ya kwetu imeanza kutoa eSIM, lakini fikiria siku simu itakapozima ghafla ukiwa safarini na fedha zako zote zimo kwenye namba hiyo. Laini ya kawaida ungeichomoa na kuiweka kwenye kitochi cha jirani, ukabonyeza *150*00# ya M-Pesa na kuendelea na safari. Kwa eSIM itakubidi uhamishe namba kupitia mtandao wako wa simu kwanza. Anayetegemea laini mbili kwa biashara alipime jambo hili kwa uzito.

Pili ni masafa ya mawimbi ambayo simu hutumia kuwasiliana na minara. Mitandao ya 4G katika ukanda wetu hutumia zaidi masafa ya 700, 800 na 1,800 MHz, na yale ya chini ndiyo yanayofika mbali vijijini. Baadhi ya simu za bei ndogo zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani hazina 800 MHz, hivyo zinaweza kushika vizuri Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kupoteza mtandao ukifika kwenu kijijini. Nyingine zimefungwa kwa mtandao wa huko na kufunguliwa kwa kipande kidogo kinachowekwa pamoja na laini, na kipande hicho huweza kuacha kufanya kazi baada ya sasisho lolote. Ukikiona, irudishe simu kwa mwenyewe.

Tatu ni simu za soko la ndani la China, ambazo hutoka kiwandani bila huduma za Google. Muuzaji anaweza kuwa ameziweka huduma hizo mwenyewe, au ameweka mfumo usio wa kampuni, na simu ya namna hiyo huenda isipate masasisho tena. Huawei nayo, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019, hutoa simu mpya zisizo na huduma hizo kabisa. Vifaa vyake ni imara, ila mtumiaji wa Gmail, YouTube na Play Store atapata shida.

Kuhusu 5G, usiifanye kuwa sababu ya kwanza. Vodacom iliizindua Tanzania mwaka 2022 na inaendelea kuenea mijini, lakini 4G nzuri inatosha kwa karibu kila kitu ambacho mtu wa kawaida hufanya.

Ukinunua iliyotumika

Simu iliyotumika inaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko mpya dhaifu, mradi hesabu ya miaka ifanywe kwa ukali zaidi. Pixel 8 iliyotumika ina ahadi inayofika mwaka 2030. Galaxy Note 20 ya mwaka 2020, ambayo bado inapendwa kwa umbo lake, iliishia Android 13, na uzuri wake hauwezi kuirudishia miaka hiyo.

Jambo la lazima ni kumtaka muuzaji airudishe simu katika hali ya kiwandani mbele yako, kisha uiwashe upya na kuiunganisha na intaneti mpaka ufike kwenye skrini ya kwanza. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila kuondoa akaunti ya Google huomba akaunti hiyo inapowashwa, na iPhone hufanya vivyo hivyo kwa akaunti ya Apple. Hapo pia ndipo simu ya mkopo ambayo malipo yake hayajakamilika inapoweza kujionyesha kwa ujumbe wa kampuni inayoidai. Muuzaji akisema mwenye akaunti yuko safarini na atatuma nenosiri kesho, subiri hiyo kesho ukiwa na fedha zako mfukoni. Kisha fungua ukurasa mweupe na ukurasa mweusi uangalie madoa, mistari ya rangi au kivuli cha alama zilizoganda kwenye kioo. Kwenye simu nyingi za Samsung ukibonyeza *#0*# utafungua jaribio la kioo na vihisi. Kwenye iPhone tazama afya ya betri ndani ya mipangilio, na ikiwa iko chini ya asilimia 80, bei ya betri mpya ipunguzwe kwenye makubaliano.

Siku ya kununua

Piga *#06# na utaona namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, au namba mbili kwa simu ya laini mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha nchini Tanzania uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Jibu litataja aina ya simu, na aina hiyo ifanane na uliyoishika mkononi. Kenya hutumia namba 1555. Hatua hii haikuwekwa bure: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012 na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, na watu wengi walioamini wamenunua simu halali walibaki na vifaa visivyopokea mtandao.

Weka laini yako mwenyewe, upige simu, mtu wa upande wa pili akuambie kama anakusikia vizuri, kisha jaribu intaneti, kamera zote mbili, kuchaji na alama ya kidole. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, iliyoandikwa modeli, na ikiwezekana namba ya IMEI, kwa kuwa bila risiti dhamana haina nguvu. Uliza dhamana hiyo inashughulikiwa wapi hasa. Simu za Tecno, Infinix na itel zina vituo vya Carlcare, na chapa nyingine zina mawakala wake, lakini simu iliyoingizwa na mfanyabiashara binafsi mara nyingi ina dhamana ya duka lake tu, ya siku au wiki chache.

Kuhama bila kupoteza kitu

Usiiuze simu ya zamani siku hiyohiyo. Anza na majina ya watu: yahifadhi kwenye akaunti ya Google au Apple, si kwenye laini, kwa kuwa laini ina nafasi ndogo na hubeba jina na namba tu. Picha zinaweza kwenda Google Photos, lakini kumbuka kwamba nafasi ya bure ni GB 15 kwa picha, barua pepe na nakala za WhatsApp kwa pamoja, hivyo mwenye picha nyingi azinakili kwenye kompyuta au flashi.

Kwa WhatsApp ipo njia isiyokula bando, na inasikitisha kwamba wachache wanaifahamu. Simu zote mbili zikiwa za Android, au zote mbili iPhone, ingia mipangilio, sehemu ya gumzo, uchague kuhamisha gumzo. Simu mpya itaonyesha msimbo wa QR, ya zamani itauskani, na mazungumzo yote yatahama moja kwa moja kati ya simu hizo zikiwa karibu. Anayehama kutoka Android kwenda iPhone atumie programu ya Move to iOS, na aifanye kazi hiyo wakati wa kuiandaa iPhone kwa mara ya kwanza, kwa sababu akimaliza kuiandaa itambidi aifute na kuanza upya.

Programu za benki huhitaji kusajiliwa upya kwenye simu mpya, na baadhi hutuma msimbo kwenye laini, kwa hiyo laini iwe imeshahamia. Ikiwa unatumia programu inayotoa misimbo ya kuingilia akaunti, ihamishe kabla ya kufuta chochote. Kaa na simu zote mbili kwa wiki moja au mbili, kwa sababu kitu kilichosahaulika hujitokeza pale unapokihitaji.

Ukishajiridhisha, toa laini na memori kadi, ondoa akaunti ya Google au zima huduma ya kuitafuta iPhone na utoke kwenye akaunti ya Apple, kisha ndipo uirudishe simu katika hali ya kiwandani. Ukimuuzia mtu, andikeni karatasi fupi yenye tarehe, modeli, namba ya IMEI, majina na sahihi za pande zote mbili, na kila mmoja abaki na nakala yake, kwa kuwa simu hiyo imetumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako na kumbukumbu hizo hazifutiki unapoikabidhi.